Modeli ya tabianchi ya kanda

Modeli ya tabianchi ya kanda ni programu ya kompyuta inayotumia kanuni za fizikia kukokotoa mwenendo wa joto, mvua, upepo na unyevu juu ya sehemu moja ya dunia, kwa mfano Afrika ya Mashariki au Ulaya, badala ya dunia nzima. Kwa kuwa eneo lake ni dogo, linaweza kugawanywa katika miraba midogo kuliko ile ya modeli ya dunia. Kwa njia hiyo huonekana athari za milima, maziwa, pwani na miji ambazo hupotea katika modeli ya dunia.

Modeli hizo hutumika kukadiria tabianchi ya miaka 20 hadi 100 ijayo. Matokeo yake huwafikia wahandisi wa barabara na mifereji, mamlaka za maji, wazalishaji wa umeme, maafisa kilimo na wapangaji wa miji. Ni tofauti na utabiri wa hali ya hewa. Utabiri husema kama kesho mvua itanyesha Mwanza. Modeli ya tabianchi husema kama mvua kubwa za Mwanza zitazidi kuwa za mara kwa mara katika nusu ya pili ya karne, endapo gesijoto zitaongezeka kwa kiwango fulani.

Haja ya modeli za kanda

Modeli za dunia nzima huigawa angahewa katika miraba ambayo kwa kawaida upande wake una urefu wa kilomita 100 hadi 200. Ndani ya kila mraba kuna thamani moja tu ya joto, moja ya mvua na moja ya kimo cha ardhi. Mraba wenye upande wa kilomita 100 una eneo la kilomita za mraba 10,000.

Kisiwa cha Unguja kina eneo la kilomita za mraba 1,660 hivi. Katika modeli ya namna hiyo kisiwa hakipo: mahali pake pana bahari, au kimemezwa na mraba wa bara. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, unachanganywa na tambarare zinazouzunguka na kubaki mwinuko mdogo. Moshi na Same hupewa mvua ileile, ingawa mkazi yeyote wa Mkoa wa Kilimanjaro anajua kwamba migomba ya Kibosho na nyika ya Same havipati mvua sawa.

Kwa swali la wastani wa joto la dunia, kasoro hiyo haina uzito mkubwa. Kwa halmashauri inayotaka kujua upana wa kalavati, au mamlaka ya maji inayotaka kujua kina cha bwawa, kasoro hiyo ni kubwa.

Namna zinavyofanya kazi

Taarifa za mipakani

Modeli ya kanda haiwezi kujitegemea. Hewa inayofika Afrika ya Mashariki hutoka kwingine: kaskazi huleta hewa kutoka upande wa Bara Arabu na Uhindi, kusi huileta kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Kwa hiyo modeli ya dunia huendeshwa kwanza. Kisha thamani zake za upepo, joto, unyevu na shinikizo la hewa huingizwa kwenye kingo za eneo lililochaguliwa, kwa kawaida kila baada ya saa 6. Joto la uso wa bahari pia huchukuliwa kutoka modeli ya dunia. Ndani ya kingo hizo modeli ya kanda hukokotoa yenyewe, ikitumia ramani yenye undani zaidi ya milima, maziwa, misitu na mashamba.

Mpango huo una matokeo muhimu. Kama modeli ya dunia imekosea mahali penye mvua katika Bahari ya Hindi, kosa hilo huingia kupitia mpakani, na modeli ya kanda haiwezi kulifuta.

Ukubwa wa miraba na gharama

Kupunguza ukubwa wa miraba huongeza kazi ya kompyuta haraka sana. Upande wa mraba ukikatwa nusu, idadi ya miraba katika eneo lilelile huwa mara 4. Zaidi ya hapo, hatua za muda zinapaswa kufupishwa kwa nusu, la sivyo hesabu huvurugika, kwa sababu upepo haupaswi kuvuka mraba mzima ndani ya hatua moja. Kwa hiyo kazi yote huwa mara 8 hivi. Kutoka kilomita 100 hadi kilomita 5 upande hupungua mara 20, na kazi huongezeka takriban mara 8,000.

Jedwali lifuatalo linaonyesha idadi ya miraba inayohitajika kufunika bara la Afrika, lenye eneo la kilomita za mraba milioni 30 hivi, katika tabaka moja tu la hewa. Modeli halisi huwa na makumi ya tabaka juu ya kila mraba.

| Upande wa mraba | Idadi ya miraba (takriban) |
|---|---|
| km 100 | 3,000 |
| km 50 | 12,000 |
| km 25 | 48,000 |
| km 4.5 | 1,500,000 |

Ndiyo maana modeli zenye miraba midogo huendeshwa kwenye kompyuta kuu, kwa eneo dogo au kwa miaka michache.

Mvua za ngurumo

Sehemu kubwa ya mvua ya nchi za tropiki hutokana na hewa yenye joto na unyevu inayopanda juu kwa nguvu na kujenga mawingu marefu ya ngurumo. Wingu moja la aina hiyo huwa na upana wa kilomita chache tu. Katika modeli yenye miraba ya kilomita 25 au zaidi wingu hilo haliwezi kuonekana. Badala yake modeli hutumia kanuni ya makadirio: ikiwa hewa ya chini ya mraba ina joto na unyevu kiasi fulani, huhesabiwa kwamba mvua ya kiasi fulani imenyesha juu ya mraba wote.

Kanuni hizo zina kasoro zinazojulikana. Huleta manyunyu ya mara kwa mara badala ya mvua kubwa ya muda mfupi. Tena huleta mvua mapema mno, karibu na adhuhuri, wakati katika sehemu nyingi za nchi kavu mvua halisi hunyesha alasiri na jioni.

Miraba ikipungua hadi kilomita 4 au chini yake, kanuni hiyo inaweza kuzimwa na mawingu makubwa kuachwa yajijenge yenyewe kwa milinganyo ya mwendo wa hewa. Modeli hizo huitwa modeli zinazoruhusu mawingu ya ngurumo. Ubora wake mkubwa zaidi uko katika mvua ya saa moja na ya siku moja, yaani mvua ile inayosababisha mafuriko ya mijini.

Njia ya takwimu

Njia ya pili ya kupata undani wa mahali haihitaji kompyuta kuu. Mtaalamu hulinganisha vipimo vya miaka mingi vya kituo cha hali ya hewa na hali ya angahewa kubwa ya siku hizohizo, kisha hutafuta uhusiano wa kihesabu kati yake. Uhusiano huo hutumiwa pamoja na matokeo ya modeli ya dunia ili kukadiria mvua au joto la baadaye la kituo hicho.

Njia hii ni rahisi na ya haraka, na inaweza kutumika kwa modeli nyingi. Udhaifu wake ni mbili. Kwanza, inahitaji vipimo virefu na visivyokatika, ambavyo katika wilaya nyingi za Afrika havipo. Pili, inachukulia kwamba uhusiano wa jana utabaki kuwa wa kesho, jambo ambalo si lazima liwe kweli dunia inapozidi kupata joto.

Mara nyingi njia zote mbili huunganishwa: modeli ya kanda huendeshwa kwanza, kisha kosa lake la kudumu husahihishwa kwa kulinganisha na vipimo. Kama modeli huonyesha Dodoma ina joto pungufu kwa nyuzi 2 kuliko lililopimwa, nyuzi 2 huongezwa kwenye makadirio ya baadaye pia.

Historia

Wazo la kukokotoa hali ya hewa kwa milinganyo ya fizikia lilitolewa na Mnorwei Vilhelm Bjerknes mwaka 1904. Mwaka 1922 Mwingereza Lewis Fry Richardson alichapisha kitabu kilichoeleza hesabu hizo kwa mkono. Utabiri wa kwanza kwa kompyuta ulifanyika Marekani mwaka 1950 kwa mashine iliyoitwa ENIAC. Mwaka 1956 Norman Phillips alionyesha kwamba mzunguko mkuu wa angahewa unaweza kuigwa kwa kompyuta. Katika miaka ya 1960 Syukuro Manabe, mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi Marekani, alikokotoa athari ya kuongezeka kwa kaboni dioksaidi. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2021 pamoja na Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi.

Modeli za tabianchi za kanda zilianza mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 Robert Dickinson, Filippo Giorgi na wenzao wa kituo cha NCAR huko Boulder, Marekani, walichapisha kazi iliyoweka modeli ya eneo dogo ndani ya modeli ya dunia ili kuonyesha mvua na theluji za milima ya magharibi mwa Marekani. Kutokana na kazi hiyo ilikuja modeli ya RegCM, ambayo baadaye ilitunzwa katika kituo cha ICTP mjini Trieste, Italia. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1964 na mwanafizikia wa Pakistan Abdus Salam, kikiwa na lengo la kuwainua wanasayansi wa nchi zinazoendelea.

Afrika ya Mashariki iliingia mapema. Mwaka 1999 Liqiang Sun, Fredrick Semazzi, Filippo Giorgi na Laban Ogallo walichapisha matokeo ya kutumia modeli ya NCAR kuiga mvua za vuli za kanda hiyo. Ogallo, profesa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliongoza pia kituo cha tabianchi ambacho sasa kinaitwa ICPAC. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 idara ya hali ya hewa ya Uingereza ilitoa modeli ya PRECIS, iliyotengenezwa ili iweze kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani. Vyuo na idara nyingi za Afrika ziliitumia kujifunzia.

Mwaka 2009 Mpango wa Dunia wa Utafiti wa Tabianchi ulianzisha mradi wa CORDEX. Kabla ya hapo kila kikundi kilichagua eneo lake, miraba yake na miaka yake, na matokeo hayakuweza kulinganishwa. CORDEX iliweka mipaka ya pamoja ya maeneo na kanuni za kufuatwa. Afrika ilichaguliwa kuwa eneo la kwanza la kipaumbele, kwa miraba ya kilomita 50 hivi. Baadaye ilifuata awamu yenye miraba ya kilomita 25 hivi. Kwa Ulaya kipimo kilikuwa kilomita 12.

Uingereza ilitoa makadirio yake ya kitaifa, UKCP18, mwaka 2018, na mwaka 2019 ikaongeza makadirio yenye miraba ya kilomita 2.2 kwa nchi nzima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa makadirio rasmi ya tabianchi ya taifa kutolewa kwa undani unaolingana na ule wa utabiri wa kila siku.

Afrika ya Mashariki

Ziwa Viktoria

Ziwa Viktoria, lenye eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, ni mfano wa wazi wa faida ya miraba midogo. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hujengeka juu ya Kisumu, Kampala na nyanda za juu za jirani. Usiku mambo hugeuka: nchi hupoa, upepo hutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa hugongana katikati na kupanda. Kwa hiyo dhoruba nyingi za ziwani hutokea usiku na alfajiri, saa ambazo wavuvi wako majini na taa zao.

Modeli yenye miraba mikubwa haiwezi kuonyesha mzunguko huo vizuri. Katika baadhi ya modeli joto la maji ya ziwa hukadiriwa kutoka lile la Bahari ya Hindi, jambo linalopotosha mvua ya bonde zima. Kwa sababu hiyo modeli bora za kanda huwa na sehemu maalumu ya kukokotoa joto la ziwa.

Mwaka 2016 Wim Thiery na wenzake walichapisha utafiti uliotumia modeli yenye miraba ya kilomita 7. Walikuta kwamba, gesijoto zikiendelea kuongezeka sana, mvua kubwa kupindukia juu ya ziwa zitaongezeka kwa kasi kuliko juu ya nchi kavu inayolizunguka, hata kama wastani wa mvua ya ziwani hautaongezeka. Kwa wavuvi maana yake ni kwamba wastani wa mwaka hausemi lolote juu ya hatari ya usiku mmoja.

Mradi wa HIGHWAY, ulioanza mwaka 2017 chini ya uongozi wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliunganisha idara za hali ya hewa za nchi za ziwa ili kuboresha tahadhari kwa wavuvi na wasafiri. Utabiri wake ulisaidiwa na modeli yenye miraba ya kilomita 4.4. Huu ni mfano wa modeli za tabianchi na za utabiri kutumia elimu moja.

Milima na upepo

Kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya kuna bonde pana linalopita Turkana. Upepo wa mashariki hubanwa humo na kuwa mkondo wenye kasi, unaobeba unyevu wa Bahari ya Hindi kuelekea bara. Ni sababu mojawapo ya ukame wa Turkana na Marsabit: unyevu hupita bila kushuka. Modeli ambazo milima yake imelainishwa huonyesha bonde pana mno na upepo dhaifu mno, na hivyo huhesabu vibaya mvua ya pande zote mbili.

CP4-Africa

Modeli ya CP4-Africa ilitengenezwa na idara ya hali ya hewa ya Uingereza katika programu ya Future Climate for Africa. Ilifunika bara zima kwa miraba ya kilomita 4.5, ikiruhusu mawingu ya ngurumo yajijenge yenyewe. Iliendeshwa kwa miaka 10 ya tabianchi ya sasa na miaka 10 ya karibu na mwaka 2100, kwa kudhania uzalishaji mkubwa sana wa gesijoto. Pembeni yake iliendeshwa modeli ya miraba ya kilomita 25 kwa ajili ya kulinganisha.

Mwaka 2019 Elizabeth Kendon na wenzake walichapisha matokeo. Modeli ya miraba midogo iliiga vizuri zaidi saa za mvua na ukubwa wake kwa sasa. Kwa baadaye ilionyesha ongezeko kubwa zaidi la mvua za kupindukia kuliko modeli ya kilomita 25. Wakati huohuo ilionyesha, hasa kwa Afrika ya Magharibi na ya Kati, kwamba vipindi vya ukavu katikati ya msimu wa mvua vitarefuka. Mambo hayo mawili hayapingani. Hewa yenye joto hubeba unyevu zaidi, takriban asilimia 7 kwa kila nyuzi 1 ya selsiasi. Mvua ikishuka huwa kubwa, lakini baadaye inachukua muda zaidi kurudi. Kwa mkulima, jumla ileile ya milimita za msimu inaweza kuwa mafuriko mara mbili na mahindi yaliyonyauka katikati.

Fumbo la masika

Tangu miaka ya 1980 mvua za masika katika Pembe ya Afrika na sehemu za Kenya zilipungua, na kulikuwa na ukame mkali, ukiwemo ule wa 2010–2011 na ule ulioanza mwaka 2020. Modeli nyingi za dunia, hata hivyo, zinaonyesha kwamba mvua za kanda hiyo zitaongezeka. Wanasayansi huita jambo hilo fumbo la tabianchi ya Afrika ya Mashariki. Sehemu ya jibu inatafutwa katika joto la Bahari ya Hindi na Pasifiki, na sehemu katika udhaifu wa modeli. Kupunguza miraba peke yake hakulimalizi, kwa kuwa taarifa za bahari hutoka modeli ya dunia.

Matumizi katika mipango

Mifereji, kalavati na madaraja

Mhandisi husanifu kalavati kwa kutumia mvua ya kiwango fulani, kwa mfano ile inayotarajiwa mara moja katika miaka 50. Usemi huo hueleweka vibaya mara nyingi. Haumaanishi kwamba mvua hiyo ikishanyesha itapumzika miaka 50. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2. Uwezekano wa kutoipata hata mara moja katika miaka 50 ni 0.98 kwa kipeo cha 50, yaani karibu 0.36. Kwa hiyo uwezekano wa kuipata walau mara moja ni asilimia 64 hivi.

Majedwali ya mvua yanayotumika katika nchi nyingi za Afrika yalitokana na vipimo vya miongo iliyopita. Ikiwa tabianchi imebadilika, mvua ya miaka 50 ya zamani inaweza kuwa ya miaka 20 leo. Hapo daraja lililojengwa kwa asilimia 2 linakabiliwa na asilimia 5 kila mwaka, na hakuna aliyebadilisha mchoro. Modeli za miraba midogo husaidia kukadiria mabadiliko hayo kwa mvua ya saa moja au ya siku.

Katika Dar es Salaam, bonde la mto Msimbazi hufurika mara kwa mara, na eneo la Jangwani hukatika usafiri. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua makumi ya watu. Modeli ya tabianchi inaweza kutoa sehemu moja tu ya maelezo, yaani mvua. Ujenzi wa nyumba mabondeni, mchanga unaojaza mto, taka katika mifereji na ardhi iliyofunikwa kwa saruji ni mambo ya modeli nyingine, ya maji na ya ardhi, ambayo huunganishwa na ile ya tabianchi.

Maji na umeme

Bonde la Rufiji lina mashamba ya umwagiliaji, hifadhi ya Ruaha, na bwawa la Julius Nyerere lililosanifiwa kutoa megawati 2,115 za umeme. Mradi wa UMFULA, uliochunguza Tanzania na Malawi, ulikuta kwamba modeli hukubaliana kuhusu joto kuongezeka, lakini hutofautiana kuhusu mvua: nyingine huonyesha ongezeko, nyingine upungufu. Katika hali hiyo swali sahihi si “mvua itakuwa kiasi gani?” bali ni “mpango upi utafaa hata kama mvua itapungua, na hautaharibika kama itazidi?” Joto likiongezeka, maji mengi zaidi huvukizwa bwawani na mashambani hata bila mvua kupungua.

Kilimo

Mchai huishi miongo mingi, hivyo anayepanda leo huchagua tabianchi ya wajukuu wake. Chai hustawi katika nyanda za juu, kama Kericho nchini Kenya na Thyolo na Mulanje nchini Malawi, ambazo katika modeli ya dunia huchanganywa na nchi ya chini yenye joto. Makadirio ya CP4-Africa yalitumiwa pamoja na wakulima na makampuni ya chai ya nchi hizo mbili ili kukadiria siku za joto kali linalodhuru majani. Matokeo ya aina hiyo husaidia kuamua aina ya miche, kimo cha kupanda na haja ya miti ya kivuli.

Mipaka na ukosoaji

Miraba midogo haimaanishi usahihi. Ramani yenye miraba ya kilomita 4 humfanya msomaji aamini kwamba kila kata inajulikana hali yake. Kwa kweli modeli huonyesha vizuri mambo yenye upana wa miraba kadhaa, si wa mraba mmoja. Hatari kubwa zaidi katika mipango ni ramani nzuri kutoka modeli moja kuchukuliwa kuwa jibu la mwisho.

Modeli chache. Kwa gharama yake, modeli ya miraba midogo mara nyingi huwa moja tu, kwa miaka michache na kwa hali moja ya gesijoto. Miaka 10 ni mifupi mno kukadiria mvua ya mara moja katika miaka 50. Modeli za miraba mikubwa ni nyingi na huonyesha upana wa uwezekano, lakini zinakosa undani. Mpangaji anahitaji zote mbili.

Ukosefu wa vipimo. Modeli husahihishwa kwa kulinganishwa na vipimamvua na satelaiti. Vituo vingi vya Afrika vina daftari zilizokatika, na vingine vilifungwa. Mahali pasipo na kipimamvua hakuna anayeweza kusema kama modeli imepatia au imekosea.

Mabadiliko ya kawaida. Mvua za Afrika ya Mashariki hubadilika sana mwaka hadi mwaka kwa sababu ya El Niño na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Kwa mpango wa miaka 10, mabadiliko hayo huwa makubwa kuliko mwelekeo wa muda mrefu wa mvua. Kwa joto, mwelekeo huonekana mapema zaidi.

Nani anaendesha. Kompyuta kuu nyingi ziko nje ya Afrika, na maswali yanayoulizwa huweza kuwa ya watafiti kuliko ya halmashauri. Mradi wa FRACTAL, uliofanya kazi katika miji kama Lusaka, Windhoek na Maputo, ulijaribu kugeuza utaratibu huo: watumishi wa jiji walieleza kwanza matatizo yao ya maji na ardhi, ndipo wanasayansi walipoandaa masimulizi kadhaa ya tabianchi inayowezekana badala ya tarakimu moja.

Kusoma matokeo

Yapo mambo ambayo mtumiaji wa makadirio hutazama kabla ya kuyaingiza katika mpango:

- Ni modeli ngapi zilizotumika, na zinakubaliana kuhusu mwelekeo au la.
- Ni kiasi gani cha gesijoto kilichodhaniwa. Makadirio ya uzalishaji mkubwa kabisa yanafaa kupima uimara wa mpango, lakini si matarajio pekee.
- Modeli inaiga vipi tabianchi ya sasa ya mahali hapo: je, masika na vuli huanguka katika miezi yake?
- Miaka inayolinganishwa ni ipi. Ongezeko la asilimia 20 halina maana bila kutaja kutoka lini hadi lini.
- Kosa la modeli limesahihishwa kwa vipimo gani.
- Uamuzi wenyewe utadumu miaka mingapi. Mbegu ya mahindi hubadilishwa msimu ujao, daraja haliwezi.

Pale modeli zinapotofautiana, wapangaji hupendelea hatua zinazofaa katika hali zote, kama kusafisha mifereji, kutojenga bondeni na kulinda vyanzo vya maji. Hupendelea pia ujenzi wa hatua kwa hatua, kwa mfano kuacha ardhi wazi kandokando ya mfereji ili uweze kupanuliwa baadaye bila kuvunja nyumba.

Taasisi na data

Matokeo ya CORDEX hupatikana bure kwenye intaneti, na sehemu yake imo katika ramani shirikishi iliyotolewa na jopo la IPCC mwaka 2021. Katika Afrika ya Mashariki, kituo cha ICPAC cha IGAD, kilichoko Kenya, huandaa makadirio na utabiri wa msimu kwa nchi za Pembe ya Afrika, na huitisha mkutano wa wataalamu kabla ya kila msimu wa mvua. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutunza vipimo vya vituo na hushirikiana na vyuo vikuu. Kwa mahali pasipo na vituo hutumika data za CHIRPS, zinazounganisha satelaiti na vipimamvua kwa miraba ya kilomita 5 hivi tangu mwaka 1981.

Tazama pia

- Mabadiliko ya tabianchi
- Gesijoto
- Utabiri wa hali ya hewa
- Ziwa Viktoria
- El Niño
- Mafuriko